Soketi Imepona

Kikima,
5 Juni 1994

Mwanangu Mutindi,

Nakusalimu kwa mikono ambayo imetoka kukamua sasa hivi, kwa hiyo ukisikia karatasi inanuka maziwa usishangae. Sisi huku tuko. Maharagwe tumeng'oa, mahindi bado yanasimama. Shangazi yako Kaluki anaumwa goti lakini mdomo wake ni mzima kabisa. Baridi imeanza kushuka huku kwetu Mbooni, ile ya kufanya mtu aongee na moto. Wewe uko joto huko Kitui, cherehani yako inalia bila shida, nashukuru Mungu. Kalondu wajina wangu hajambo? Meno ya mbele yameota? Anayekusomea barua hii ukishona asalimiwe pia, yeye na watu wa kazini kwake.

Stima imekaa vizuri. Kila jioni Kaluki anakuja kuomba chumvi. Chumvi anayo. Anakuja kuangalia balbu. Anakaa chini yake na mikono juu ya magoti kama mtu anapigwa picha. Jana nikamwambia, "Kaluki, hiyo chumvi ukiipeleka yote nyumbani utaota pembe kama mbuzi." Akasema, "Nyamaza, naona vizuri nikinyamaziwa." Huyo ndiye Kaluki.

Sasa kuna jambo kidogo. Anayesoma aruke hapa mpaka pale nimeweka msalaba, ni maneno ya mama na binti.

Mutindi, ile soketi ya jikoni, ile nyeupe yenye kitufe, ambayo Nzioka alisema ni ya kulinda mtu, inazima. Ile ya sebuleni haina maneno, redio inaongea siku nzima. Lakini hii ya jikoni inakaa vizuri kidogo, halafu tak, imezima. Nabonyeza kitufe, inawaka. Nikianza tena, tak. Ni kama hainipendi. Kaluki akishika pasi hapo haizimi, ni mimi tu. Sasa usimwambie Nzioka kwamba mimi nimesema kitu chake ni kibaya. Ni mkwe gani mwingine hapa Kikima amemletea mama ya mke wake stima? Siku zile alikuwa anaweka waya mimi nililala kwa Kaluki kwa sababu ya nthoni, ile heshima ya mkwe na mama mkwe kutokutana, sikumwona hata uso, na niliporudi nyumba ilikuwa imefagiwa. Mtu kama huyo huwezi kumwambia soketi yake inazima. Muulize tu kama mtu anauliza mambo ya jirani.

+

Hapa anayesoma anaweza kuendelea. Ng'ombe amezaa ndume. Mchungaji anakusalimu.

Ni mimi mama yako,
Kalondu

*

Kitui,
21 Juni 1994

Mwaitu,

Barua yako ilifika na kweli ilinuka maziwa, Kalondu akainusa akakutambua bibi yake, akasema, "Hii ni Susu." Sote tuko wazima. Meno mawili ya mbele yameota, moja limepinda kidogo kama lile lako, hawezi kukukana. Kazi ya kushona iko nyingi, kwaya ya kanisa wanataka sare mpya na kila mmoja anataka kola yake. Pole kwa Kaluki na goti. Mwambie nimecheka mpaka sindano ikanichoma.

Mwaitu, Nzioka aliruka kama ulivyosema. Alifika pale akasimama katikati ya sentensi, akanipa karatasi, akatoka nje akaangalia kuku. Alirudi nilipomwita. Kisha wakati wa chakula nikamwuliza mambo ya jirani. Akatafuna kwanza. Akasema, "Huyo jirani anaishi milimani, kule kwenye baridi?" Nikasema sijui. Akasema, "Mimi pia sijui."

Lakini alinieleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Stima inayotoka kwenye soketi ni lazima irudi yote. Soketi za kawaida hazijali, zinatoa tu. Hii yako inaangalia inayotoka na inayorudi. Ikiona kidogo imepotea njiani, inajua imeingia mahali haifai, labda kwenye maji, labda kwenye mwili wa mtu, na inakata kabla mtu hajasema uwi. Kwa hiyo ikizima si kwamba ni mgonjwa. Kuna kitu kimechomekwa hapo ambacho kinavuja. Anauliza: huyo jirani huwa anachomeka nini?

Mwaitu, unachomeka nini? Anasema anaweza kuja Jumamosi yoyote aangalie.

Shule zikifungwa Agosti Kalondu anakuja kwako likizo yote. Tayari ameweka viatu kwenye mfuko, sasa anaenda shule na malapa.

Binti yako,
Mutindi

*

Kikima,
10 Julai 1994

Mwanangu Mutindi,

Salamu kutoka kwenye ukungu. Leo kanisani tulikuwa tunaonana mpaka kwenye benchi la tatu tu, wale wa nyuma tulisikia sauti zao. Mimi ni mzima, kifua kidogo tu. Ndama anakua. Kaluki anasema umeandika vibaya habari zake na atakuja Kitui kukupiga na goti lake zuri.

Habari ya soketi usisumbue mtu tena. Soketi imepona. Haizimi hata kidogo. Nilikuwa nimewaambia akina mama wa kanisa waiombee na nafikiri Mungu ameangalia. Mambo ya kuja Jumamosi yaachwe, Nzioka ana kazi yake, na nyumba ya Kaluki imejaa magunia ya maharagwe, nitalala wapi mimi akiwa hapa? Umeniuliza nachomeka nini. Ni vitu vya kawaida vya nyumbani.

Mimi sasa ninangojea mtoto tu. Nimenunua beseni la bluu, kubwa, linamtosha akikaa. Mwambie mimi mkubwa namngojea mimi mdogo. Hapa hatasikia baridi, ataoga maji moto asubuhi na jioni kama mtoto wa bwana mkubwa, na sitakata kuni hata moja.

Anayesoma asalimiwe.

Mama yako,
Kalondu

*

Kitui,
24 Julai 1994
Kwa mkono wa Nzuki

Mwaitu mpendwa,

Naandika haraka. Nzuki wa huko kwenu ameuza avokado zake zote sokoni na amesimama hapa mlangoni na vikapu vitupu. Nimempa barua hii mkononi kwa sababu posta inachelewa, na majibu yako hupitia sanduku la kazini kwa Nzioka. Sisi ni wazima wote, usiogope.

Barua yako Nzioka aliisoma kwa sauti kama kawaida. Alipofika pale "soketi imepona" akaweka kidole kwenye neno. Akarudia, pole pole: "Imepona." Akaweka kikombe chini. Nikamwambia, "Si ni vizuri?" Akasema, "Mutindi, soketi haiponi. Soketi hiyo kama haizimi tena basi si hiyo." Akaendelea kusoma, akafika kwenye beseni na maji moto bila kuni. Hapo alinirudishia karatasi kabisa, akaenda kuangalia kuku. Sasa najua akienda kwa kuku kuna neno ambalo hawezi kusema.

Nilimfuata. Nikamwambia, "Kama unajua kitu sema, ni mama yangu." Akaniambia, "Ndiyo sababu siwezi. Muulize wewe." Nikamwambia amuulize mwenyewe. Mwaitu, mtu mzima yule, fundi ambaye anapanda nguzo bila kutetemeka, aliangalia vidole vya miguu yake.

Neno moja tu amesema kwa sauti ya kukata: Kalondu hatakuja Kikima mpaka ijulikane kuna nini jikoni. Nami nimekubaliana naye. Amelia huyo mtoto. Viatu bado viko kwenye mfuko, amekataa kuvitoa.

Sasa niambie mimi. Mpe Nzuki jibu, yeye ataniletea mimi mwenyewe hapa kwenye cherehani, Nzioka haoni. Kitu chochote unachochomeka jikoni, kichomoe na usikiguse mpaka tuongee. Tafadhali, Mwaitu.

Mutindi

*

Kikima,
27 Julai 1994
Kwa mkono wa Nzuki

Mutindi wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Salamu nakupa lakini leo hazina nguvu.

Mtoto msinizuilie. Hata kama nimekosa, mtu haadhibiwi kwa kunyimwa wajina wake. Kila mtu hapa sokoni anajua anakuja. Nimetengeneza kitanda chake karibu na changu.

Wacha niseme basi, kwa sababu wewe ni mwanamke kama mimi na Nzuki hajui kusoma. Ni kuoga. Bafu letu liko nje, ni mabati tu na upepo, na mwezi huu wa saba upepo huo unaingia kwenye mifupa. Mwaka jana kifua kilinilaza. Kwa hiyo mimi huoga jikoni. Basi nimesema. Sokoni kuna kijana anauza ile chuma iliyojikunja kama chemchemi, koili, unaiweka ndani ya ndoo ya maji na kuichomeka, inachemsha. Nikanunua. Nikawa naweka ndoo, maji yanaanza kulia, mimi naingiza mkono nione kama yamefika, na hapo ndipo inafanya tak. Kila mara. Mkono ukiingia, tak. Nikakasirika nayo. Niliona ni kama inanichungulia.

Ungetaka nimwandikie Nzioka hayo? Niseme, "Mkwe wangu, mimi mama ya mke wako nikivua nguo jikoni soketi yako inazima"? Mtu huyo akikutana nami njiani anaacha barabara anaingia kwenye shamba la watu, nami naingia upande ule mwingine. Hawezi kukalia kigoda nilichokalia. Sasa ajue ninapoogea? Hata ukiweka msalaba, macho ni macho. Ni afadhali ningeoga barafu.

Nikamwita Mutie, fundi wa hapa sokoni. Nilimwambia tu inazima. Akaniambia, "Mama, hizi za vitufe ni za wazungu, zina madharau. Nakuwekea ya kawaida." Ya kawaida akaweka na kweli haizimi. Ile ya Nzioka nimeifunga kwa leso, iko kabatini chini ya shuka nzuri. Sijaitupa. Siwezi kutupa.

Na kwa kuwa umeuliza nakwambia yote. Sasa nikiingiza mkono kuna kitu kinanitambaa mpaka kwenye kiwiko, kama siafu. Mutie alisema nivae mpira miguuni. Kwa hiyo ninaoga nikiwa nimevaa mabuti ya marehemu baba yako. Usicheke. Nilifikiri nitamnunulia Kalondu ya kwake, madogo, mekundu.

Nimeichomoa kama ulivyosema. Leo sijaoga. Niambie kama mtoto anakuja.

Mama yako

*

Kitui,
30 Julai 1994
Kwa mkono wa Nzuki

Mwaitu, Mwaitu,

Sikucheka. Kuna mteja alikuwa anangojea gauni lake nikamwambia arudi kesho, nikafunga mlango nikalia.

Hiyo koili usiiguse tena. Usimpe mtu, usimrudishie yule kijana wa sokoni amuuzie mwingine. Mabuti yangetoboka siku moja, au ungeshika bomba, au ungeweka goti chini kwenye sementi yenye maji. Unaona, ile tak ilikuwa ni kwa sababu ya mkono wako. Stima ilikuwa inatoka kwenye koili inaingia kwenye maji, inangoja mtu. Mkono ukiingia, inakupitia wewe kwenda chini, na soketi inaona, inakata. Kila mara ulipokasirika nayo, Mwaitu, ilikuwa imekuokoa. Sijui mara ngapi na sitaki kujua. Hawa siafu unaowasikia sasa ni kwa sababu hakuna wa kukata.

Halafu ungeniwekea mtoto kwenye beseni la bluu.

Nilimwambia Nzioka. Pole, ilibidi. Sikumwambia kuoga. Nilisema kuna koili ya maji jikoni na Mutie amebadilisha soketi. Hakuniuliza maji ni ya nini, hata kidogo, mtu ambaye huuliza hata kwa nini chai ina rangi. Alitoa mfuko wake wa vifaa akaanza kupanga bisibisi.

Mimi nikamwuliza, "Siku ile ulinunua soketi moja tu ya aina hiyo, ghali kuliko zote, kwa nini uliiweka jikoni na si sebuleni kwenye redio?" Akaendelea kupanga bisibisi, nikafikiri hatajibu. Akasema, "Kikima ni baridi." Halafu akasema, "Mama yangu mimi pia ni mzee." Kisha akaenda kwa kuku.

Unaelewa, Mwaitu? Alijua tangu mwanzo.

Anakuja Jumamosi ijayo na Kalondu, na ile soketi ya kwenye leso iwe mezani. Wewe uende kwa Kaluki kama desturi, magunia myasukume. Na mwambie Mutie asikaribie ukuta huo.

Wako,
Mutindi

*

Kikima,
14 Agosti 1994

Mwanangu Mutindi,

Nakusalimu nikiwa na joto, na mimi mdogo amelala mguu wake juu ya mguu wangu, kwa hiyo mwandiko ukipinda ni yeye. Ni mzima. Anakula. Amemfundisha Kaluki wimbo wa shuleni na Kaluki anauimba vibaya makusudi ili akatazwe. Hii barua inapita posta. Anayesoma asiruke mahali popote leo.

Walifika ile Jumamosi. Nilikuwa kwa Kaluki, tumekaa juu ya maharagwe. Nilisikia sauti ya mtoto ikiita Susu kutoka barabarani, nikashindwa, nikatoka. Nikakutana nao kwenye kona ya mkaratusi. Nzioka aliniona, akaanza kuingia shambani, na mimi nikaanza kuingia shambani, na mtoto akabaki katikati ya barabara peke yake anauliza, "Mnaenda wapi?" Kaluki alicheka mpaka akakaa chini. Basi nikasimama palepale kwenye majani nimegeuza uso, nikasema kwa mahindi, "Karibuni Kikima." Na upande ule mwingine nikasikia mahindi yanajibu, "Asante, mama."

Alifanya kazi mpaka jioni. Mutie alikuja kuangalia. Kaluki, ambaye alikuwa amejituma huko kuomba chumvi, anasema Nzioka hakumtukana. Alirudisha soketi ya kitufe, akaweka ile koili kwenye ndoo akaichomeka, akamwambia Mutie asimame mbali, akagusisha waya uliounganishwa na ardhi kwenye maji. Tak. Kisha akaunga kwa muda ile soketi ya Mutie, akachomeka koili hapo, akagusisha taa ndogo ya kupimia kwenye maji, taa ikawaka na hakuna kilichozima. Mutie aliangalia, akasema, "Nimeweka hizi nyumba tatu." Jumatatu nikamwona anapita na baiskeli na mfuko wa vifaa, mbio, hakunisalimu. Aende.

Koili Nzioka aliikata vipande viwili kwa koleo. Ameleta birika la stima, la kufunikwa, lenye waya wa pini tatu. Mtoto amenipa amri kutoka kwa baba yake: unachemsha, unachomoa, ndipo unamimina kwenye beseni, na beseni linakaa mbali na ukuta. Na kila mwanzo wa mwezi unabonyeza kile kitufe kingine, cha kujaribu, ikifanya tak ni nzima, isipofanya ndiyo ni mgonjwa. Mimi nilikuwa nimeelewa kinyume kabisa. Kalondu anataka kubonyeza kila asubuhi. Nimemwambia mwezi haujaisha, akasema kwao Kitui miezi ni mifupi.

Sasa kuna kitu kimoja nataka anayesoma asome kwa sauti.

Niliporudi jioni, yeye alikuwa ameshaondoka kwenda kupata gari. Jiko lilikuwa limefagiwa. Nikaona kila kitu mahali pake, nikawasha birika, maji yakachemka, nikachomoa, nikamimina. Nikaenda kusukuma kinu kwenye mlango kama siku zote, kwa sababu ule mlango wa jikoni tangu marehemu autengeneze haujawahi kuwa na kitu cha kufungia, mtu yeyote anasukuma anaingia. Ndipo nikaona komeo. Jipya, la chuma, limewekwa kwa ndani, chini kidogo, mahali mkono wangu unafika bila kuinua bega. Hakuna mtu alikuwa amemwomba. Si kazi ya stima.

Nilisimama hapo mikono ikiwa juu ya kinu. Nilitaka kuona haya, nikatafuta haya, sikuipata. Nikafunga.

Mwambie Nzioka mlango wa jikoni unafunga vizuri sana.

Mama yenu,
Kalondu